MZIGO USIOTULIKA
Chumvi za metali, mwili wa mkulima, na deni la wenye faida



Ndugu waamini, viongozi wa halmashauri za walei, makatekista, na ninyi mnaoongoza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika vijiji vya Ulyankulu na vyote vinavyolima tumbaku mkoani Tabora.

Tunawaandikia juu ya jambo lisilo na harufu, lisilo na rangi wala kelele, ambalo kwa sababu hiyo limeachwa likae kati yetu kama mgeni asiyeulizwa atokako. Ni chumvi za metali: namna zinavyoingia mwilini mwa binadamu, namna zinavyoharibu vinasaba vyake, na swali la haki linalozaliwa hapo. Madhara yakitokea, ni nani anayepaswa kuyathibitisha: yule aliyepata faida, au yule aliyepata ugonjwa?

Jibu letu tunalitoa mapema. Kumdai mgonjwa ushahidi ambao kwa asili ya ugonjwa wake hawezi kuupata ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imevaa koti jeupe la kitaalamu. Anayeleta kitu shambani, na anayeondoka na faida ya shamba hilo, ndiye apime, ndiye atangaze, na ndiye alipe.

1. CHUMVI GANI TUNAYOISEMA?

Watu wa Unyamwezi waliijua thamani ya chumvi kabla ya reli na kabla ya misheni. Katika njia za misafara zilizokutana Tabora, wapagazi walibeba pembe za ndovu, vitambaa na shaba. Na chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali sana na chemchemi zake. Maandiko nayo yaiheshimu chumvi. Kule Yeriko nabii Elisha aliitumia kuyaponya maji mabaya, na Bwana wetu mwenyewe aliwafananisha wanafunzi wake nayo.

Katika elimu ya kemia, hata hivyo, chumvi ni jina la ukoo mkubwa. Metali ikiungana na tindikali, huzaliwa chumvi ya metali ile. Chumvi ya mezani ni mtoto mmoja tu wa ukoo huo. Mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wazee wamepakia vidonda na wakulima wa kahawa wamechanganya na chokaa kupiga mibuni, ni mtoto mwingine: ni chumvi ya shaba. Wapo pia watoto wa kadimiamu, wa aseniki, wa nikeli na wa kromiamu.

Mambo mawili huzifanya chumvi hizi kuwa za hatari. La kwanza, nyingi huyeyuka katika maji. Kipande cha metali kikikaa mfukoni hakimdhuru mtu sana. Chumvi yake iliyoyeyuka huingia katika mzizi, ikapanda katika jani, ikashuka tumboni au mapafuni, ikafika katika damu. La pili, metali haiozi. Dawa nyingi za kuua wadudu huvunjika kwa jua na kwa muda. Metali hubaki metali, katika udongo na katika figo.

2. KITABU NA MAFUNDI WAKE

Ndani ya kila seli ya mwili wetu Muumba ameweka maagizo ya uhai, ambayo wataalamu huyaita vinasaba, au kwa herufi tatu, DNA. Tukifananishe na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, chenye jozi za herufi zipatazo bilioni 3. Kila seli inapogawanyika, kitabu kizima hunakiliwa. Kila siku pia kitabu hicho hupata majeraha kwa maelfu, kwa joto la mwili, kwa jua, hata kwa hewa tunayovuta. Hatufi kwa sababu tumepewa mafundi: protini zinazopita ukurasa kwa ukurasa, zikikata herufi iliyoharibika na kuweka nyingine mahali pake.

Chumvi za metali hukishambulia kitabu hicho kwa njia mbalimbali, na ni vema kiongozi wa walei azijue.

Kadimiamu humshambulia fundi. Baadhi ya protini za ukarabati hushika umbo lao kwa msaada wa chembe ya zinki, kama jembe linavyoshikwa na mpini. Kadimiamu hufanana na zinki kiasi cha kukikalia kiti chake. Lakini ikishakaa, protini hupinda na fundi hawezi kazi. Aidha, kadimiamu hupunguza akiba ya kinga ambayo seli huitumia kuzima chembe kali za oksijeni. Kwa hiyo majeraha huongezeka wakati ule ule ambao mafundi wamepungua.

Aseniki nayo huwazuia mafundi, na mwili ukijaribu kuigeuza ili uitoe, baadhi ya maumbo yanayozaliwa njiani huwa makali kuliko ile ya kwanza. Nyuzi za vinasaba hukatika. Kromiamu ya aina ya sita huingia kwa hila: umbo lake hufanana na salfeti ambayo mwili unaihitaji, hivyo mlango wa seli huifungulia, ikifika ndani hubadilika na kunata katika kitabu chenyewe. Nikeli hufunga kurasa: huvuruga protini ambazo vinasaba vimezungushiwa, hata maagizo yanayopaswa kuilinda seli isiwe saratani yasisomeke tena. Shaba na chuma, ambazo mwili unazihitaji, zikizidi kipimo huzalisha chembe zile kali za oksijeni zinazounguza herufi.

Hayo si maneno ya mitaani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nikeli katika misombo yake na kromiamu ya aina ya sita katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu pasipo shaka, mwaka 1990. Kadimiamu iliwekwa humo mwaka 1993. Aseniki imo pia.

Sasa lishikeni jambo hili, maana juu yake imejengwa hoja yetu yote. Jeraha la vinasaba haliachi sahihi. Uvimbe ukitokea, haukuandikwa juu yake jina la metali wala jina la aliyeileta. Tena hautokei kesho. Hukaa miaka 10, 20, hata 30, ndipo ukajulikana. Wakati huo msimu umesahaulika, mnunuzi amebadilisha jina, karani amehamishwa, na stakabadhi zimeliwa na mchwa. Aliyebaki mahali pake ni mkulima peke yake.

3. KWA NINI ULYANKULU?

Ulyankulu ni nchi ya watu waliokwisha kubeba mizigo mingi. Katika karne ya 19 nchi hizi za Mtemi Mirambo zilitoa wapagazi. Mwaka 1972 makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi. Wakafyeka miombo, wakalima, wakazaa wana. Kuanzia mwaka 2014 wakimbizi wa zamani zaidi ya 150,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Watu hawa na majirani zao Wanyamwezi na Wasukuma wamepata fedha zao za mwaka, kwa sehemu kubwa, kutokana na zao moja: tumbaku.

Kazi yake mnaijua kuliko sisi. Ni kumwagilia vitalu, kuhamisha miche, kukata maua, kuondoa machipukizi, kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kukesha kwenye bani, kuchambua madaraja na kufunga marobota. Katika kazi hizo zote mikono ni ya baba, ya mama, na mara nyingi mno ni ya watoto ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawakataza kufanyishwa kazi za hatari.

Mmea wa tumbaku una tabia moja ambayo wanunuzi wanaijua vizuri: huivuta kadimiamu kutoka udongoni na kuihifadhi katika majani kuliko mimea mingi mingine. Kadimiamu imo udongoni kidogo kwa asili. Huongezwa na mbolea za fosfeti, kwa kuwa miamba inayochimbwa fosfeti huwa na kadimiamu ndani yake, mingine kidogo na mingine nyingi. Mkulima wa Tabora anaujua mfuko wa mbolea ya tumbaku kwa namba zake 10:18:24. Namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potashi. Kadimiamu haina namba. Huko Ulaya, tangu mwaka 2022, sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti katika mbolea za aina hiyo zinazouzwa chini ya alama ya Umoja huo. Tunauliza: je, figo ya mkulima wa Ulaya ina thamani kuliko figo ya mkulima wa Ulyankulu?

Zaidi ya hayo, udongo wetu wa kichanga ni mwepesi na huelekea kuwa na tindikali, na katika udongo wenye tindikali kadimiamu huyeyuka na kupanda mmea kwa urahisi zaidi. Baada ya tumbaku hupandwa mahindi, ili yale mabaki ya mbolea. Pembeni mwanamke hupanda mchicha wake, na mboga za majani ni hodari wa kuivuta kadimiamu. Hivyo swali la tumbaku haliishii ghalani kwa mnunuzi. Linafika chunguni.

Anayebeba sehemu kubwa kuliko wote ni mvutaji. Sigara moja huwa na kadimiamu ipatayo mikrogramu 1 hadi 2, na sehemu yake huingia mapafuni na moshi. Ndiyo maana mwili wa mvutaji hukusanya kadimiamu takriban maradufu ya ule wa asiyevuta. Wazee wetu wanaovuta kiko au kunusa ugoro wa tumbaku ya banini mwao wasidhani kwamba kwa kuwa haikupita kiwandani ni salama. Metali haikuwekwa na kiwanda. Ilipanda kutoka ardhini.

Tusichanganye mambo. Kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika vinavyompata mchumaji asubuhi majani yakiwa na umande ni sumu ya nikotini inayopenya ngozi. Hiyo hujulikana siku ile ile. Kadimiamu ni kinyume chake. Haimpigi mtu siku ile. Huingia kidogo kidogo, hukaa figoni, na mwili huchukua miaka 10 hadi 30 kuitoa nusu yake tu. Mpagazi wa zamani aliutua mzigo wake Bagamoyo, akapokea ujira, akarudi kwao. Mzigo huu wa sasa hautuliwi popote. Mtu huenda nao hadi kaburini.

4. NG'OMBE MWENYE PEMBE

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Sheria ya Musa inazungumza na wafugaji kwa lugha ambayo kila Msukuma na kila Mnyamwezi ataielewa. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia ikiwa hakuijua tabia ya mnyama wake. Lakini ikiwa ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi damu ile ni juu ya mwenye ng'ombe.

Tazameni hekima ya sheria hiyo. Haimwambii mjane athibitishe mumewe alipigwa pembe ya kulia au ya kushoto. Inauliza jambo moja: je, mwenye ng'ombe alionywa?

Tunasema, alionywa. Ameonywa juu ya kadimiamu tangu mwaka 1993. Ameonywa na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, na ambao katika ibara zake za 17 na 18 unazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata njia nyingine za kujipatia riziki, na kuyalinda mazingira na afya ya watu wanaolima na kutengeneza tumbaku. Ameonywa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, inayomruhusu kuidai haki hiyo mbele ya sheria, na inayotambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye.

Ikiwa mtu anadhani tunatia chumvi katika maneno, aitazame Japani. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, wakulima walimwagilia mpunga kwa maji yaliyobeba kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka ulio juu ya mto. Wanawake, hasa waliozaa mara nyingi na waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa, wakaharibika figo, mifupa ikalainika na kuvunjika, hata ugonjwa ukaitwa kwa kilio chao, itai-itai, maana yake inauma, inauma. Kwa miaka mingi walionwa kuwa ni watu wenye mkosi. Serikali ya Japani ilikiri asili ya ugonjwa mwaka 1968; wakulima wakashinda kesi dhidi ya kampuni ya Mitsui mwaka 1971, na tena katika rufani mwaka 1972. Ule ulikuwa ugonjwa wa figo na mifupa, uliotokana na kiasi kikubwa cha kadimiamu, nao una dalili zinazoonekana. Ikiwa ugonjwa wenye dalili za wazi hivyo ulichukua miaka mingi kuthibitishwa katika nchi tajiri, maskini wa Ulyankulu atathibitisha lini jeraha la vinasaba lisiloonekana kwa macho?

5. HOJA TUNAZOZIKATAA

Wapo wanaosema: wazee wetu walilima tumbaku na waliishi miaka 80. Tunawajibu kwamba waliofika 80 ndio wanaosimulia. Waliokufa na 50 hawako barazani kutoa ushahidi wao. Tena jeraha la vinasaba ni jambo la uwezekano, wala halimpati kila mtu. Kumnyooshea kidole mzee mmoja mwenye afya ni sawa na kusema mto hauna mamba kwa sababu jana mtu mmoja alivuka.

Wapo wanaosema: ni kidogo mno. Kweli, kwa siku moja ni kidogo. Lakini kitu kinachokaa mwilini miaka 20 hakipimwi kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni figo ya mtu.

Wapo wanaosema: tumbaku ndiyo imejenga shule, imeezeka makanisa, imetoa zaka. Ni kweli, nasi twashukuru kwa jasho la wakulima. Ila hoja hiyo inatetea nini? Ikiwa jasho hilo limejenga shule na makanisa, basi mwenye jasho ana haki kubwa zaidi ya kulindwa. Mtu hamlipi ng'ombe anayemkamua kwa kumnyima maji. Hatusemi mkulima ang'oe tumbaku kesho, akose ada na chakula. Tunasema asiachwe na zao moja, deni moja na mnunuzi mmoja, kisha aambiwe kuwa amechagua kwa hiari.

Tena wapo, na hawa wako ndani ya jumuiya zetu, wanaosema: fulani amerogwa. Hapa tunasema kwa ukali wa kibaba. Katika Unyamwezi na Usukuma vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu yaliyounguzwa na moshi wa kuni kwa miaka 60 ya kuwapikia watoto wao. Ugonjwa usio na sababu inayoonekana hutafutiwa mkosaji aliye karibu na aliye dhaifu. Hivyo anayeficha habari za sumu huongeza giza ambamo panga hunolewa. Mkristo anayekwenda kupiga ramli juu ya uvimbe wa ndugu yake amemwacha mwenye ng'ombe aende zake, akamfunga kamba bibi asiye na hatia.

6. MISAFARA MIPYA

Jambo hili halihusu tumbaku peke yake. Kaskazini yetu, katika ukanda wa dhahabu wa Ziwa Viktoria, watafiti wamepima visima na vijito na kukuta katika baadhi yake aseniki iliyozidi mikrogramu 10 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa na aseniki, na mwamba ukivunjwa na kuachwa wazi kwa mvua, aseniki hutafuta maji. Vijana wetu wa Ulyankulu huenda machimboni huko msimu wa tumbaku ukiisha. Wanakunywa maji hayo.

Huko Kabanga, wilayani Ngara, kuna mradi mkubwa wa nikeli, na imepangwa kwamba madini yake yasafishwe Kahama, jirani zetu. Tunaufurahia ukweli kwamba nchi inataka kusafisha madini yake yenyewe. Lakini historia ya kiwanda cha nikeli cha Clydach, huko Wales, inajulikana: wafanyakazi walioingia humo kabla ya mwaka 1930 walikufa kwa saratani za mapafu na za pua kwa kiwango cha kutisha, mpaka taratibu za kazi zilipobadilishwa. Basi kinga iwekwe kabla tanuru halijawashwa. Kinga ya baada ya mazishi ni sherehe tu.

Kanisa lina sauti katika mambo haya, na imewahi kusikika. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa kwa pamoja taarifa juu ya dhahabu na mapato ambayo taifa lilikuwa likiyakosa. Walihesabu fedha. Sasa ni zamu ya kuhesabu miili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya mwaka 1990, aliufunga uharibifu wa viumbe na amani katika fundo moja. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja.

7. TUNADAI, NA TUNAAGIZANA

Kwa wenye mamlaka na wenye faida tunadai haya:

(a) Kiasi cha kadimiamu kilichomo katika mbolea kiandikwe juu ya mfuko, kwa Kiswahili, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea isimamie kikomo kilicho wazi.

(b) Udongo na maji ya vijiji vya tumbaku vipimwe metali, na kituo cha utafiti cha Tumbi pamoja na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali vishirikishwe, na majibu yasomwe katika mikutano ya vijiji. Gharama ilipwe na wanaonunua jani, kwa kuwa wao ndio walipao ili lilimwe.

(c) Mkataba wa kilimo utaje afya ya mkulima kama unavyotaja deni lake la pembejeo.

(d) Mgonjwa wa saratani anayetoka kijiji cha tumbaku asiachwe kuuza ng'ombe na shamba ili afike Bugando au Ocean Road. Mfuko wa matibabu utokane na zao lenyewe.

Katika jumuiya zetu tunaagizana haya:

Kwanza, tumbaku isivutwe wala isinuswe ndani ya nyumba yenye watoto au mama mjamzito. Na anayeweza kuiacha, aiache.

Pili, akina mama wa WAWATA wafundishane juu ya chakula chenye madini ya chuma: maharage, dagaa, nyama inapopatikana. Mwili uliopungukiwa na chuma huipokea kadimiamu kwa wingi zaidi, na wenye upungufu huo hasa ni wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto.

Tatu, mwenye shamba amwulize bwana shamba juu ya tindikali ya udongo wake. Chokaa ya kilimo ikitumika kwa kipimo hupunguza kadimiamu inayopanda mmea.

Nne, kila jumuiya ifungue daftari, iandike mbolea iliyotumika, mwaka wake, na stakabadhi zake zitunzwe. Tumesema kwamba mchwa ni rafiki wa mdhalimu. Tumnyime chakula.

Tano, mgonjwa apelekwe hospitali mapema, na yeyote atakayetaja jina la kikongwe katika ugonjwa huo akemewe hadharani na wazee wa kanisa.

Ndugu zetu, katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma habari za wana wa manabii huko Gilgali wakati wa njaa. Mmoja alikwenda porini, akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni. Hakuwa na nia mbaya, hakujua. Waliookoa wenzao ni wale walioonja, wakapaza sauti kwamba mauti yamo chunguni. Na nabii hakuwadai ushahidi wa maiti ndipo atende. Alitenda.

Sisi tumeonja, nasi tunapaza sauti. Aliye na unga autie chunguni sasa, watu wakiwa bado hai.

Tunawatakia neema na amani ya Kristu.

Tume ya Haki na Amani